Mvumo usiokatika: namna Blowzabella inavyopatanisha ala zisizopatana

Weka kwenye chumba kimoja akodiani ya vitufe, zumari mbili za kiriba (zenye mfuko wa hewa), fidla ya kawaida, fidla inayopigwa kwa gurudumu, saksafoni, klarineti na gitaa la besi. Waambie wapigaji watoe noti moja kwa pamoja. Utakachosikia mwanzoni ni ugomvi, hata kama kila mmoja ni fundi wa ala yake. Ala hizo zilibuniwa katika karne tofauti, kwa skeli tofauti, na baadhi yake zikishaanza kulia hazina namna ya kunyamaza katikati ya wimbo. Blowzabella, bendi iliyoanzishwa Whitechapel, mashariki mwa London, mwaka 1978, imejenga muziki wake wote juu ya ugomvi huo.

Anayeisikia kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili. Kwanza, je, huu si muziki wa Uskoti? Pili, kama kweli ni muziki wa asili wa Kiingereza, mbona unaleta harufu ya Ufaransa ya kati na ya Balkani? Wengi hujibu kwamba bendi "inachanganya mitindo", kana kwamba wanamuziki walikaa mezani wakachagua viungo. Jibu hilo ni jepesi mno. Ukizichunguza ala zenyewe utaona kwamba ndizo zilizoamua mengi: nyimbo zipi zinafaa, ufunguo gani utumike, na jirani yupi wa Ulaya aendewe kwa msaada.

Ala zilizofia nyumbani

Zumari ya kiriba si mali ya Uskoti peke yake. England ya zama za kati ilikuwa nazo tele. Chaucer, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 14, alimpa msagaji nafaka wake zumari ya kiriba na kumfanya awatoe mahujaji mjini kwa mlio wake. Katika kanisa la kijiji cha Altarnun, Cornwall, mabenchi ya karne ya 16 yamechongwa mpiga zumari wa namna hiyohiyo. Kisha ala ikafifia. Kaskazini kabisa, Northumberland, zumari ndogo inayojazwa hewa kwa mivukuto iliendelea kupigwa bila kukatika. Kwingineko England hapakubaki mwalimu.

Mchongo wa kanisani unakuonyesha umbo, lakini haukwambii upana wa tundu la ndani ya bomba, wala unene wa ulimi, yaani tete linalotetemeka na kutoa sauti, wala skeli. Fundi anayetaka kufufua ala hiyo lazima ajifunze kwa wale ambao yao bado inapumua. Hapa ndipo Ufaransa inapoingia. Katika mikoa ya Berry, Bourbonnais na Auvergne, zumari za kiriba na fidla za gurudumu zilikuwa bado zina wapigaji, na tangu 1976 kijiji cha Saint-Chartier kilikuwa na tamasha lililowakutanisha mafundi na wapigaji kutoka nchi mbalimbali. Balkani nako kiriba kilikuwa hakijawahi kutundikwa ukutani.

Waanzilishi wa Blowzabella, Jon Swayne na Bill O'Toole, walikuwa wanafunzi wa kutengeneza ala katika London College of Furniture, chuo cha samani kilichokuwa na kozi ya ala za muziki. Kwa hiyo bendi ilizaliwa karakana. Swayne alianzia kwenye zumari ya mpakani, iliyokuwa ikipigwa karne ya 18 pande zote mbili za mpaka wa England na Uskoti, akaifanyia kazi mpaka akapata zumari zinazokaa katika G na D na kupanda noti chache juu ya okteva. Hiyo ndiyo kazi ya msingi kuliko zote katika historia ya bendi hii, na sifa yake haijulikani vya kutosha nje ya duru za mafundi.

Kwa nini hawakuchukua tu zumari ya Kiskoti, ile ya magwaride, ambayo msomaji aliyeko Muskat huenda ameiona ikipigwa na wanajeshi wa Oman juu ya ngamia? Kwa sababu ile ina noti tisa tu, na A yake imepanda juu ya hezi 470 (mitetemo 470 kwa sekunde), wakati akodiani inashika A ya 440. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya nusu-toni. Hakuna utepe wala ulimi mpya utakaoziba pengo hilo.

Mvumo unafanya nini

Mvumo ni noti moja au mbili zinazolia mfululizo chini ya wimbo, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa lugha ya solfa ambayo kila mwanakwaya anaijua, mvumo ni do, na mara nyingi so juu yake. Katika G, hizo ni G na D.

Kwaya ya kanisani humalizia beti kwa kupita kwenye noti tatu za so, ti na re, kisha kurudi nyumbani kwa do. Ti inavutwa kwenda do, na hapo ndipo msikilizaji anapopata utamu wa kufika. Sasa acha do ilie muda wote huo. Ti iko nusu-toni moja tu chini ya do, kwa hiyo zikilia pamoja zinakwaruzana. Ule mlango uliokuwa wa kuingilia nyumbani umegeuka mwiba. Ndiyo maana nyimbo nyingi zinazofaa mvumo zinashusha ti kwa nusu-toni: badala ya F yenye kupanda, wimbo wa G unatumia F ya kawaida, iliyo toni nzima chini ya do. Inakaa kwa raha juu ya mvumo na kuupa wimbo rangi ambayo wengi huiita ya kale. Nyimbo za zamani za England zina skeli hiyo kwa wingi, za Ufaransa ya kati zinayo, na za Balkani zina ndugu zake kadhaa. Mchanganyiko ambao msikilizaji anaudhania ni wa makusudi ulikuwa tayari umechujwa na noti mbili zisizohama.

Unaweza kulijaribu hili bila kumiliki zumari. Chukua kinanda cha umeme, chagua sauti ya ogani, bonyeza G iliyo chini ya C ya kati pamoja na D iliyo juu yake, kisha zizuie zisinyamaze kwa kipande cha utepe. Imba polepole do, re, mi, fa, so, ukikaa sekunde tano kwenye kila noti. Re itakuwa na wasiwasi kidogo, fa itasukumana na so ya mvumo, so itazama kabisa mpaka utahisi sauti yako imepotea ndani ya kinanda. Kisha imba ti ya kawaida, halafu ti iliyoshushwa. Tofauti hiyo ni ngumu kuielezea kwa maneno, lakini sikio litaipata mara moja.

Hesabu ya mi

Kila anayejaribu kuunda bendi ya namna hii hukwama kwenye noti ya mi. Akodiani, kinanda na gitaa hugawanya okteva katika hatua kumi na mbili zilizo sawa. Mgawanyo huo unafaa kwa kuhama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine, ila unazisogeza noti kidogo kutoka mahali ambapo mvumo unazitaka.

So haina shida. Kwa G ya hezi 392, D safi ni mara moja na nusu yake, yaani hezi 588. D ya akodiani ni 587.3. Tofauti haifiki hezi moja, na sikio la kawaida halijali. Mi ndiyo balaa. B safi juu ya G hiyo ni robo tano zake, yaani hezi 490. B ya akodiani ni 493.9. Zumari iliyochongwa ili ikae vizuri na mvumo wake itapiga 490, akodiani itapiga 493.9, na zikipiga pamoja utasikia sauti ikipwita karibu mara nne kwa sekunde. Kila mmoja atasema mwenziwe ndiye hajaweka sauti sawa, na wote wawili wako sawa.

Dawa ziko tatu, na hakuna iliyo kamili. Ya kwanza ni kuchonga bomba la zumari ili mi yake ikae katikati, ikisumbuka kidogo na mvumo na kidogo na akodiani. Ya pili ni kuiondoa mi kwenye akodiani upande wa kushoto, jambo tutakalolirudia. Ya tatu ni ya mpangaji: noti ndefu ya mi isipewe zumari na akodiani kwa wakati mmoja. Noti fupi haina muda wa kupwita. Kwa kasi ya dansa, noti inayodumu robo ya sekunde inamalizika kabla sikio halijapata hata mpwito mmoja mzima.

Fidla ya gurudumu kwa karibu

Ala inayovuta macho ya watu ukumbini ni fidla ya gurudumu, au hadigadi. Sanamu za mlango mkubwa wa kanisa la Santiago de Compostela, Hispania, za karne ya 12, zinaonyesha babu yake, ala ndefu iliyohitaji watu wawili: mmoja azungushe, mwingine avute funguo. Ya leo inatosha mtu mmoja. Inakaa mapajani na kufungwa kwa mkanda kiunoni ili isicheze.

Mkono wa kulia unazungusha mpini, na mpini unazungusha gurudumu la mbao lililopakwa rozini, ule utomvu mkavu ambao mpiga fidla wa taarabu hupaka kwenye upinde wake. Gurudumu ndilo upinde, ila huu haufiki mwisho ukageuka, kwa hiyo sauti haikatiki. Mkono wa kushoto unabonyeza funguo, kwa kawaida 23 kwenye aina ya Kifaransa, zinazotosha okteva mbili. Kila ufunguo umebeba vijiti vidogo vya mbao, kimoja kwa kila uzi wa wimbo. Kijiti kikigusa uzi, kinaufupisha na noti inapanda. Ukiachia, ufunguo unaanguka kwa uzito wake wenyewe.

Nyuzi ni sita. Mbili za wimbo hufungwa zote kwenye G ya hezi 392. Nne zilizobaki ni za mvumo, lakini hazilii zote pamoja: unaziinua zile usizozihitaji zisiguse gurudumu. Kwa wimbo wa G unaacha D ya hezi 294, G ya 196 na G ya chini kabisa ya 98. Kwa wimbo wa C unashusha ile D iwe C, unabaki na G ya kati, kisha unauinua uzi mnene wa chini na kuuachia ule wa nne, C ya 131. Kubadilisha kunachukua sekunde chache kwa mzoefu. Ndiyo maana mpangilio wa nyimbo za jukwaani hukusanya za ufunguo mmoja pamoja.

Uzi mmoja wa mvumo, unaoitwa tarumbeta, unapita juu ya daraja dogo ambalo mguu wake mmoja umeachwa huru. Gurudumu likienda kwa mwendo sawa, mguu unatulia. Mpigaji akishtua mpini kwa kifundo cha mkono, uzi unavutwa, mguu unanyanyuka na kugongagonga ubao, na inatoka krrr kavu inayosikika juu ya bendi nzima. Wafaransa wanakiita kidaraja hicho mbwa. Kwa ala hii moja, basi, mtu anatoa wimbo, mvumo na ngoma. Duara la mpini linagawanywa sehemu zilizo sawa, na mshtuo unaweza kuwekwa kwenye yoyote kati yake: nne kwa mzunguko kwa dansa ya mwendo sawa, tatu kwa mazurka au waltzi. Kosa la anayeanza ni kutumia bega lote. Gurudumu linaongeza kasi, sauti inavimba na kunywea, na mbwa habweki pale anapotakiwa. Mshtuo ni wa kifundo na vidole, na kasi ya jumla ya gurudumu haitakiwi kubadilika.

Sehemu kubwa ya maisha ya mpiga hadigadi huishia kwenye pamba. Kila uzi huvikwa pamba pale unapogusana na gurudumu. Unachambua kijitonge chembamba cha nyuzi ndefu, unakishikiza kwenye uzi, kisha unaliacha gurudumu lenyewe likisokote. Pamba ikiwa nyembamba mno sauti inakwaruza. Ikiwa nene mno noti inachelewa kutoka na inakuwa butu. Nyuzi za mvumo zinavumilia pamba nyingi kuliko za wimbo. Pamba yenye nyuzi fupi hunyofoka vipandevipande katikati ya onyesho, tena hufanya hivyo kwenye noti za juu ambako kila kitu kinasikika.

Baada ya pamba ni mgandamizo. Uzi ukilalia gurudumu kwa nguvu, sauti inakoroma; ukigusa kwa wepesi mno, unapiga mluzi badala ya noti. Marekebisho yake ni kikaratasi kidogo kinachowekwa chini ya uzi pale unapokaa darajani ili kuuinua kwa unene wa nywele. Na kama sauti inavimba mara moja kila mzunguko hata baada ya hayo yote, basi tatizo si uzi. Gurudumu limepoteza mviringo wake, kwa kawaida kwa sababu ya unyevu, na hilo ni la kupeleka kwa fundi. Usiliguse kwa kidole kulikagua: mafuta ya ngozi yanaua rozini, na hapo kwenye alama ya kidole uzi utateleza.

Nigel Eaton, aliyeipigia Blowzabella ala hii miaka ya 1980, ni mtoto wa fundi wa hadigadi, na baadaye aliipeleka mbele ya umati wa muziki wa roki alipopiga na Jimmy Page na Robert Plant katika miaka ya 1990. Baada yake kiti kilikaliwa na Mfaransa Gregory Jolivet. Kwamba bendi ya Kiingereza ilimpata mpigaji wake Ufaransa si jambo la kushangaza ukikumbuka ala ilikuwa hai wapi.

Kiriba, ulimi na shavu

Mpiga zumari wa Lamu au Unguja anafahamu nusu ya siri ya zumari ya kiriba. Bomba la wimbo la Blowzabella na zumari ya pwani ni wa ukoo mmoja: tundu la ndani linapanuka kuelekea chini, na juu kuna ulimi wa matete mawili yanayopigana. Mpigaji wa pwani hujaza mashavu, na wakati anavuta pumzi kwa pua mashavu yanaendelea kusukuma hewa ili sauti isikatike. Kiriba kinafanya kazi ya mashavu hayo. Mkono unakiminya pale pumzi inapokwenda kutafutwa, na kilango kidogo kwenye bomba la kupulizia kinazuia hewa isirudi mdomoni. Ghuba ya Uajemi wanayo zumari yao ya kiriba, habbani, ambayo nayo ilikua bila msaada wa Uskoti.

Kwa kuwa mdomo hauugusi ulimi, mpigaji hawezi kuikata noti kwa ulimi wake mwenyewe. Akitaka kupiga G mara mbili, lazima katikati apenyeze noti nyingine ya kufumba na kufumbua. Mapambo yale mengi unayosikia kwenye zumari yana kazi hiyo kwanza. Urembo unafuata.

Ugumu mkubwa ni mgandamizo wa kiriba. Bomba la wimbo lina ulimi wa matete mawili, mabomba ya mvumo yana ndimi za tete moja, na aina hizo mbili hazipandi sawa hewa ikiongezeka. Ukiminya zaidi, wimbo unaukimbia mvumo. Ukilegeza, noti zinalegea na mwisho zinagugumia. Kila mpigaji mpya husikika akiyumba pale anapohama kutoka pumzi kwenda mkono, na hakuna njia ya mkato zaidi ya kupiga noti moja ndefu mbele ya kipima-sauti mpaka sindano itulie.

Noti moja ikiwa juu, unabandika utepe mwembamba kwenye ukingo wa juu wa tundu lake, nayo inashuka. Noti za juu zote zikiwa chini, unausukuma ulimi ndani kidogo. Hatua hiyo inapandisha za juu zaidi ya za chini. Mabomba ya mvumo hurekebishwa kwa kuvuta kiungo: refu linashuka, fupi linapanda. Ndimi za zumari mbili zinazopigwa pamoja zinatakiwa kuwa na ugumu unaokaribiana, la sivyo mmoja atachoka na kushuka mapema, na okteva zao zitapwita kwa sauti kuliko kosa lolote la wimbo.

Akodiani isiyo na mi

Akodiani ya muziki huu haina funguo za piano. Ina vitufe, na kila kitufe kina noti mbili: moja ukisukuma, nyingine ukivuta. Mkenya anayeijua mwomboko ameziona za ukoo huo. Kwenye aina ya kawaida ya Waingereza, yenye safu ya D na safu ya G, kusukuma kunakupa do, mi na so za safu hiyo, na kuvuta kunakupa re, fa, la na ti. Mivukuto inayogeuka kila wakati ndiyo inayoupa wimbo mkazo wa kuchezeka.

Upande wa kushoto, kwenye aina ya vitufe vinane, kuna jozi nne za besi na mkusanyiko wa noti tatu. Noti tatu hizo ni do, mi, so. Ile mi, kama tulivyoona, itagombana na zumari, na tena inaulazimisha wimbo uwe wa furaha hata pale unapotaka huzuni. Kwa hiyo wapigaji wengi huondoa mi kabisa, ama kwa kuziba ndimi zake za chuma ama kwa kuwekewa kizibo kinachovutwa pale inapohitajika. Kinachobaki ni do na so, yaani mvumo mwingine. Akodiani imegeuzwa jamaa wa zumari. Andy Cutting, mpiga akodiani wa bendi hii, anatumia yenye safu tatu, na ameshinda tuzo ya mwanamuziki bora ya BBC Radio 2 upande wa foku mara tatu. Ukimsikiliza, fuatilia mkono wake wa kushoto; huko ndiko kuna akili ya mpangilio.

Besi inayobadilisha maana

Bendi yenye mvumo inakabiliwa na hatari moja dhahiri: kuchosha. G na D kwa dakika sita ni nyingi. Gitaa la besi, lililoshikwa na Barn Stradling katika kikosi cha miaka ya karibuni, lina dawa yake.

Mvumo hauhami, lakini kilicho chini yake kinaweza kuhama. Weka E chini ya G na D, na ghafla sikio linasikia rangi ya huzuni ya E, huku mvumo ukiwa hapohapo. Weka C, na G iliyokuwa nyumbani sasa inaning'inia juu kama so. Weka A, na kila kitu kinasubiri kutua. Hakuna aliyegusa zumari. Msikilizaji anadhani bendi imehama ufunguo, kumbe mtu mmoja amesogeza kidole. Mbinu hii ndiyo inayoitenganisha Blowzabella na bendi nyingi zinazopiga muziki wa zama za kati kwa mavazi ya maonyesho.

Saksafoni na klarineti zina ugumu wa upande mwingine. Hizo ni ala zilizotengenezwa kwa funguo za bendi za brasi, hivyo noti anayoisoma mpigaji si ile inayosikika. Zumari ikiwa G, saksafoni ya soprano inasoma A, na ya alto inasoma E yenye noti nne zilizopandishwa. Zumari ikienda D, alto inasoma B yenye tano. Jo Freya, Paul James na Jon Swayne wamezoea kuishi huko. Faida yake ni kwamba mpigaji wa saksafoni anaweza kuipinda noti kwa mdomo, hivyo ile B ya 490 na ile ya 493.9 zote zinafikika. Kwa fidla ya Dave Shepherd mambo ni mepesi: nyuzi zake tupu ni G, D, A na E, na mbili za kwanza ndizo mvumo wenyewe.

Miguu

Yote haya ni kwa ajili ya kucheza. Kila wimbo una sehemu mbili, kila moja mara mbili, kisha unarudiwa kadiri dansa inavyodumu. Dansa ya bourrée ya Auvergne ni ya mipigo mitatu, ile ya Berry ni ya miwili, na wachezaji wanaozichanganya wanakanyagana. England nayo ina mali yake iliyosahaulika, honipaipu ya mipigo mitatu, ambayo Thomas Marsden alichapisha mkusanyo wake kutoka Lancashire mwaka 1705. Ndani ya kipimo kimoja kuna robo sita, na wimbo unahama bila taarifa kati ya kuzipanga mbilimbili na kuzipanga tatutatu. Mtu aliyekulia kwenye chakacha hatapata shida. Mwanafunzi wa piano wa Ulaya anaweza kuchukua wiki.

Nyimbo nyingi za bendi si za kale hata kidogo. Zimetungwa na wanabendi, na baadhi zimeenea katika mikusanyiko ya wapigaji Ulaya kiasi kwamba watu wanazipiga wakidhani ni za mababu. Anayetaka kuanza kusikiliza aanze na albamu ya 1986, Wall of Sound, kisha aende Octomento ya 2007, iliyotoka miaka mingi baada ya bendi kusimama mwaka 1990. Ya kwanza ni ukuta kweli. Ya pili ina madirisha.

Joto la ukumbi

Akodiani haiwekwi sauti jukwaani, kwa hiyo ndiyo inayofuatwa. Zumari hupigwa kwanza mpaka ndimi ziloe na mbao zipate joto, mabomba ya mvumo yakiwa yamezibwa. Do na so za bomba la wimbo hulinganishwa na akodiani, ndipo mvumo unafunguliwa bomba moja moja. Hadigadi inafuata: nyuzi mbili za wimbo kwanza zikubaliane zenyewe, kisha vijiti vya mi vinazungushwa kidogo vifike mahali pa maelewano, mwisho mvumo. Fidla na besi hufuata kwa dakika moja.

Kisha watu wanaingia na ukumbi unapata joto. Kasi ya sauti hewani huongezeka karibu mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi joto moja, na bomba la hewa linapanda nayo. Hewa ikipanda nyuzi 10, zumari zinapanda karibu theluthi moja ya nusu-toni. Ndimi za chuma za akodiani zinafanya kinyume, zinashuka kidogo. Nyuzi za utumbo za hadigadi zinanyonya unyevu wa pumzi za wachezaji na kuhama zinakotaka. Bomba la wimbo la zumari huwezi kulitengeneza katikati ya onyesho zaidi ya kubandika utepe, lakini la mvumo unaweza kulivuta. Ndiyo maana kati ya wimbo na wimbo utamwona mpiga zumari akinyoosha mkono begani na kuzungusha kiungo cha bomba kwa milimita mbili tatu, huku mwenzake akiongea na watu kwenye maikrofoni ili kumpa muda.